Mama Shukuru Hakukosa Uelewa

Nimesoma ripoti yenu. Nimeisoma yote, mpaka zile kurasa za nyuma zenye majedwali ambazo najua hakuna mwingine atakayezifungua. Nimekaa nayo hapa barazani kwangu, Mtaa wa Lindi, siku mbili nzima. Mliniletea ninyi watafiti vijana kwa adabu, shikamoo bibi, marahaba wanangu, mkaniachia na kilo ya tende. Tende nimekula. Ripoti imenichefua.

Kwenye muhtasari mmeandika kwamba watu wa Kariakoo hawayaamini mashirika ya hisani kwa sababu wana "uelewa mdogo". Nani kawaambia? Mtu gani amewatazama usoni akasema, "Mdogo wangu, mimi nina uelewa mdogo, andika hivyo"? Hakuna. Maneno hayo hayakutoka mtaani. Yalikuwemo ndani ya kishikwambi kabla hamjatoka ofisini, yamepangwa kwenye orodha, ninyi mkayagusa kwa kidole mkaenda zenu. Najua, kwa sababu na mimi niliwahi kuyaandika, enzi za penseli. Kwa hiyo siwasemi tu halafu niwaache. Nataka mjue hasira hii imeanzia wapi.

Nimekuwa mdadisi zaidi ya miaka ishirini. Nimebisha hodi na dodoso mkononi kuuliza habari za sabuni, vyandarua, redio, vyoo, mikopo na maziwa ya unga. Watu wakiniuliza nilikuwa nauza nini Kariakoo miaka yote hiyo, huwajibu kwamba nilikuwa nakodisha masikio.

Aliyenifundisha ni Mwalimu Lyimo, Mchaga wa Marangu aliyeacha chaki akaingia kwenye utafiti. Ndiye alikuwa msimamizi wetu. Mtu mrefu, mkali, suruali imepigwa pasi hadi unaogopa kumgusa, na miguuni buti nzito za ngozi kama fundi wa barabara. Mimi nikadhani ni maringo. Siku ya tatu ya kazi, mkokoteni wa mchele ulipita juu ya ndala zangu Mtaa wa Kongo, vidole vikiwemo. Jioni ile ile nilikwenda kutafuta buti.

Mengi aliyonifundisha hamtayakuta kwenye semina zenu. Mwenye duka usimuulize chochote kabla hajafungua, yaani kabla hajauza cha kwanza siku hiyo. Atakujibu kwa nuksi, na majibu ya nuksi hayafai. Mbeba mzigo usimsimamishe. Tembea naye, uliza ukiwa ubavuni, na ukisikia "pisha!" ruka kwanza, andika baadaye. Ijumaa ikikaribia saa sita mchana funga dodoso, ukae. Mama anayepima unga usimuulize akiwa anahesabu vipimo, utamharibia. Na utafiti wa Kariakoo usiupange Desemba, kwa sababu nusu ya watu uliotaka kuwahoji wamepanda basi kwenda Moshi kula Krismasi. Mwalimu Lyimo mwenyewe ndiye alikuwa wa kwanza kukata tiketi.

Dodoso letu la kwanza la mambo haya ya hisani lilitafsiriwa na mtu ambaye sidhani kama aliwahi kununua nyanya sokoni. Nikaingia duka la vitenge Mtaa wa Narung'ombe, nikasoma kama lilivyoandikwa: "Je, umewahi kutoa mchango wako kwa hisani?"

Mzee wa duka akafikiri. "Hisani yupi? Huyu wa duka la pili? Mbona juzi tu kaniazima ngazi, nimchangie nini tena?"

Siku hiyo hiyo nikamhoji Mangi mmoja, ndivyo tunavyowaita wenye maduka wa Kichaga, muuza sufuria wa Mtaa wa Sikukuu. Umewahi kutoa msaada? Hapana. Kabisa? Kabisa, biashara ngumu. Nikaandika hapana. Mwalimu Lyimo alikuwa amesimama mlangoni ananisikiliza. Tulipotoka akaniuliza, "Umeandika nini?"

"Hapana."

"Na macho yako yameona nini?"

Nikakumbuka. Tukiwa katikati ya maswali alikuja kipofu akiongozwa na mkewe, Mangi akatoa bila hata kukatiza sentensi. Akaja mama na daftari la michango ya msiba, Mangi akaandikwa. Halafu akamwita yule bwana mgonjwa wa akili anayezunguka mtaa ule, akampa wali wake kwenye bakuli, maharage juu, na kijiko. Nikamwambia Mwalimu yote hayo.

"Basi swali ndilo bovu," akasema. "Mtu hana kosa. Kwake yule, msaada ni ule wa kwenye televisheni, unaokuja na gari. Anachofanya yeye ni kuishi na watu."

Tulirudi ofisini tukalikataa swali, wakalibadilisha. Nikajiona nimeshakuwa mtaalamu. Kumbe somo lenyewe nilikuwa sijalifikia.

Sasa nije kwa Mama Shukuru.

Miaka kadhaa baadaye muungano mmoja wa mashirika uliipa ofisi yetu kazi. Walitaka kujua kwa nini wananchi hawachangii, na kwa nini siku hizi wanafunga milango wakiona gari lenye nembo. Swali la maana, sikatai. Mimi nikapangiwa soko la mitumba la Mchikichini.

Mama Shukuru aliuza viatu vya watoto. Alivipanga viwili viwili juu ya meza ya mbao, na alivisugua kwa mswaki na sabuni ya unga mpaka vikarudi kuwa vipya. Nikasubiri auze pea ya kwanza. Nikaomba ndoo, nikaipindua, nikaikalia ili macho yetu yawe sawa. Nikawa nauliza, yeye anajibu, mkono unasugua. Tukafika swali la thelathini na moja: je, unayaamini mashirika ya hisani?

Mswaki ukasimama.

"Siyaamini," akasema.

"Kwa nini?"

Chini ya swali hilo kulikuwa na majibu sita yaliyochapwa tayari. La saba lilikuwa "Nyingine, taja", na limeachiwa mstari mmoja mfupi kama kidole changu. Mama Shukuru alipomaliza kunijibu nilikuwa nimegeuza karatasi, nimejaza upande wote wa nyuma, na bado nimeandika pembezoni.

Alikuwa na mtoto mmoja, Shukuru, wa miaka tisa wakati huo. Homa ilimpata akiwa mdogo sana, miguu ikagoma. Kichwa chake kizima, mdomo wake ndio usiseme. Mama yake alimbeba mgongoni kwenda shule, zahanati na sokoni. Siku moja walikuja watu nyumbani kwake Ilala kwa gari jeupe, fulana zenye nembo, wakateremsha kiti mwendo kipya, bado kimefungwa nailoni. Wakamkalisha Shukuru. Majirani wakapiga vigelegele. Mpiga picha akasema, "Cheka, mtoto mzuri, cheka." Shukuru hakuhitaji kuambiwa. Alikuwa ameshayakamata magurudumu, anauzunguka uwanja wa nyumba mwenyewe, mara ya kwanza maishani mwake kwenda mahali bila mgongo wa mtu.

Baada ya picha wakamnyanyua, wakamrudisha kwenye mkeka. Wakasema, "Mama, tunakipeleka ofisini kikaandikwe namba. Jumatatu kitakuwa hapa."

"Jumatatu nikamwogesha mapema," Mama Shukuru aliniambia, "nikamvalisha gauni la sikukuu, nikamkalisha mlangoni. Hawakuja. Jumatatu nyingine vilevile. Nikapiga simu, wakasema gari bovu. Nikapiga tena, haipokelewi. Dada, ilifika mahali Jumatatu namwogesha jioni, ili asinipe maswali."

Mwezi wa pili jirani akamwonyesha picha kwenye simu. Mtoto wa Buguruni kwenye kiti mwendo. Mtoto wa Vingunguti kwenye kiti mwendo. Kiti kilekile, nailoni imechanika kwenye mkono wa kushoto, palepale ilipochanika siku ile Shukuru alipokikalia. Halafu siku moja akawa anakatisha viwanja vya Mnazi Mmoja na mwanawe mgongoni, akakuta wale watu wana shughuli yao pale, maturubai, ngoma, viti vya plastiki. Na bango kubwa kama ukuta wa nyumba. Shukuru yuko juu ya bango, anacheka.

"Akaniinamia sikioni," Mama Shukuru akasema. "Akaniambia, 'Mama, kumbe kiti kiko huku.'"

Niliandika hayo neno kwa neno. Naikumbuka mpaka ile sehemu penseli ilipotoboa karatasi.

Ofisini kulikuwa na meneja, kijana msomi, hana ubaya wa kupiga kelele. Aliniita mezani kwake. "Dada Tausi, kazi yako safi. Ila haya majibu marefu hayaingii kwenye kompyuta. Kila jibu linataka msimbo, namba moja tu. Huyu mama wa viatu mtafutie namba."

"Hana namba humu," nikasema. "Huyu alidanganywa. Hakuna namba ya kudanganywa."

Akalivuta dodoso, akalitazama. "Weka nne. Hajaelewa utaratibu wa shirika. Vifaa huwa vinaandikishwa kwanza, vinagawiwa kwa awamu. Angeelimishwa asingekasirika."

Nne ilikuwa "uelewa mdogo kuhusu kazi za mashirika".

Wanangu, ningewaambia nilibisha, mngeniamini, maana Mwalimu Lyimo ameshafariki na hakuna mwingine wa kunisuta. Sikubisha. Mkataba wetu ulikuwa wa kutwa, na jina lililokatwa leo kesho halipo. Nikachukua ufutio, nikafuta duara la saba, nikaandika nne. Hakuna aliyenishika mkono. Na nilipomaliza la Mama Shukuru nikapewa mengine, ya watu waliosema "walituahidi", "walitupiga picha", "hawakurudi", na yote nikayapa nne. Siku ile kompyuta ilikula vizuri.

Mwalimu Lyimo aliniona. Jioni, wakati wa kufunga mafaili, akalitoa dodoso la Mama Shukuru, akaligeuza, akasoma upande wa nyuma wote akiwa amesimama. Akalikunja, akaniwekea mkononi.

"Mbele umeshafuta," akasema. "Nyuma usifute."

Miezi ikapita. Ripoti ikatoka, karatasi nzuri inayoteleza, picha za rangi. Wadadisi tulipewa nakala mojamoja na mwaliko wa uzinduzi kwenye ukumbi wa hoteli mjini. Nikawa napita Mchikichini nayo kwapani. Mama Shukuru akaniona kabla sijamwona.

"Dada Tausi! Yale maneno yangu yamefika?"

Ningeweza kusema yamefika. Wadadisi wangapi wamesema hivyo. Lakini alikuwa ameshaufuta mkono kwenye kanga, ameunyoosha, anataka kuiona ripoti. Nikaifungua ukurasa unaohusika. Alisoma polepole, akifuata mstari kwa kidole chenye povu la sabuni.

"Wananchi wengi hawayaamini mashirika ya hisani kutokana na uelewa mdogo." Akanyanyua macho. "Mimi ndio sina uelewa?"

Akakirudisha kidole kwenye mstari ule.

"Nimekaa na wewe hapa kutwa nzima. Nani kaandika hivi?"

"Mimi," nikasema.

Hakunitukana. Ningefurahi kama angenitukana. Akaufunga ule ukurasa, akanirudishia, akachukua mswaki wake.

"Sogea mbele ya meza yangu," akasema. "Wateja hawanioni."

Nilifika nyumbani sijui kwa njia gani. Nilimweleza Mwalimu Lyimo kesho yake asubuhi. Nikamwambia nataka kusimama ukumbini, nisome upande wa nyuma wa lile dodoso mbele ya watu wote. Nilidhani atanipongeza. Akanikatalia.

"Ulimwahidi siri," akasema. "Maneno ni yake. Ulishayafuta mara moja bila kumuuliza, sasa unataka kuyatangaza bila kumuuliza? Kamwombe kwanza."

Mpaka leo hiyo ndiyo ninayoiona kazi ya udadisi yenyewe, iliyobaki ni viatu na penseli. Nikarudi Mchikichini. Nilisimama pembeni, nisizibe meza, nikamwomba msamaha. Nikamwambia kuna mkutano, mkubwa wa lile shirika la kiti, mmoja wa walioagiza ripoti, atakuwepo, nikaomba ruhusa niyasome maneno yake ukumbini.

Aliniacha nisimame wee. Alihudumia wateja wawili. Mwishowe akasema, "Usinisemee. Safari hii nitasema mwenyewe."

Siku ya uzinduzi mlinzi wa hoteli alimzuia getini, waalikwa tu. Nikavua kitambulisho changu shingoni nikamvalisha. Akapanda ngazi za ukumbini na Shukuru mgongoni, mtoto wa miaka tisa, kumi sasa, miguu inaning'inia mpaka magotini kwa mama yake. Watu wakapisha huku wakitazama kwingine. Tukakaa mstari wa nyuma, karibu na meza ya sambusa.

Wakasoma ripoti. Meneja wetu akaonyesha michoro ukutani, akasema suluhisho ni kuielimisha jamii. Mkurugenzi wa lile shirika la kiti akasema wamejiandaa kwa kampeni ya uelewa, mabango na semina. Makofi. Mwenyekiti akauliza kama kuna maoni. Nikasimama mimi, nikasema, "Kuna mwananchi hapa. Aliyehojiwa." Nikakaa.

Mama Shukuru hakwenda kwenye kipaza sauti. Alisimama palepale na mtoto wake mgongoni, akasema kwa sauti ile ya kuitia wateja sokoni. "Huyu ndiye mtoto mliyempiga picha. Mlimkalisha kwenye kiti, mkamtoa. Mlisema Jumatatu. Mimi naelewa Jumatatu ni siku gani. Naelewa kiti ni kimoja na watoto ni watatu. Naelewa mwanangu yuko kwenye bango lenu na kiti hakiko nyumbani kwangu. Niambieni ambacho sielewi."

Mkurugenzi akanyanyuka, akatabasamu, akasema wamepokea, ni changamoto ya uratibu, wataifanyia kazi. Kisha akasema, na haya niliyasikia kwa masikio yangu, "Naomba mama asogee hapa mbele na mtoto, tuchukue picha ya kumbukumbu."

Mpiga picha akainua kamera. Mama Shukuru akavuta kanga yake, akamfunika mtoto uso.

"Picha mnayo," akasema. "Leteni kiti."

Halafu akashuka ngazi, akaenda zake.

Mwenyekiti alitaka kuahirisha kwa chakula. Lakini akasimama mwanamke wa mstari wa tatu ambaye wakati huo nilikuwa simjui, jina lake Neema. Alikuwa anaendesha asasi ndogo pale Ilala, yeye na wenzake wanne, wanahudumia wazee wasiojiweza na watoto wenye ulemavu.

"Mnatumaliza," akamwambia mkurugenzi. "Wiki iliyopita nimefukuzwa mlangoni kwa bibi ambaye nimekuwa nikimwogesha miaka minne. Mjukuu wake kaniambia, nyie watu wa picha tokeni. Nikiwaandikia wafadhili wananiuliza, picha za wanufaika ziko wapi? Nikisema siwapigi picha watu wakiwa uchi wa shida zao, wananiambia sina ushahidi wa kazi. Nikiwapiga, mtaa unanifungia. Na nyie mnapanda jukwaani mnasema wananchi hawana uelewa!"

Hapo ndipo nilipoelewa upande wa pili. Msinisikie vibaya wanangu, sisemi mashirika yote ni ya ulaghai. Wako watu kama Neema, wanafua mashuka ya wagonjwa kwa mikono yao, na ndio wanaobeba matusi ya wale wenye magari. Uongo mmoja wa kiti ulifunga milango ya mtaa mzima. Utafiti wa kweli ungewaokoa hao, maana ungesema kosa liko wapi. Sisi tukauziba kwa namba nne.

Msidhani kuna aliyeaibika baada ya hapo. Sambusa zililiwa. Ripoti haikubadilishwa hata nukta. Bango la Mnazi Mmoja liliondolewa, bila barua, bila samahani. Meneja alinieleza kwa upole kwamba nimevunja maadili kwa kumleta mhojiwa mbele ya mteja, na jina langu likakatwa. Nilikaa nyumbani karibu mwaka, nikiuza kashata na visheti barazani, mpaka ofisi nyingine iliponichukua. Mimi ndiye niliyevunja maadili! Mkurugenzi wa shirika la kiti hakuvunja kitu, aliyeamuru nne hakuvunja kitu. Nikilifikiria hilo mpaka leo chai inanikataa.

Kiti kilipatikana, ila si kwao. Neema alimfuata Mama Shukuru sokoni, mikono mitupu, bila fulana. Alifukuzwa siku ya kwanza. Siku ya pili alifukuzwa tena, akanunua pea ya viatu vya mpwa wake, akaondoka. Siku ya tatu akaruhusiwa kukaa. Hakuahidi kitu. Alisema tu anamjua fundi wa kuchomelea pale Gerezani anayetengeneza viti mwendo vya kupita kwenye mashimo, magurudumu mapana, na kwamba fundi huyo hutaka kumpima mtoto mwenyewe. Wauza mitumba wakasikia. Bila dodoso, bila kampeni, likazunguka daftari meza hadi meza, wauza suruali, wauza mabegi, wauza pazia, hata mbeba mizigo mmoja akaandikwa. Ndio hao hao niliowapa nne. Neema akasimamia vipimo, akamrudisha fundi mara tatu kwa sababu sehemu ya kuegemea ilimchoma mtoto mgongo.

Nilikuwepo kilipofika. Hakuna aliyepiga picha. Shukuru alikizunguka kwanza kwa macho, akauliza, "Kinaandikwa namba hiki?" Mama yake akasema hakiandikwi kitu, panda. Akapanda. Akatoka na kile kiti mpaka barabarani, mama yake nyuma anapiga kelele kuna magari, na mimi nikalia mbele za watu, mtu mzima na buti zangu.

Mama Shukuru alinisamehe kwa mwendo wake. Hakuwahi kuniambia nimekusamehe. Siku moja tu nilipokuwa napita akaniita, akasema, "Dada Tausi, nina viatu vya mjukuu wako hapa, nimekuwekea." Nikavichukua.

Sasa sikilizeni la mwisho, maana hili ni la mwaka huu na linawahusu ninyi. Siku hizi meza ile inaendeshwa na Shukuru. Amekuwa mwanamke mzima, ana mdomo kuliko mama yake, anauza kutoka kwenye kiti chake, cha tatu sasa, fundi yuleyule wa Gerezani. Nilikuwa nimekaa naye napunga upepo, akaja mdadisi wenu mmoja, binti, na kishikwambi chake. Binti mzuri, ana adabu, shikamoo zake zote kazitoa. Akauliza maswali, Shukuru akajibu. Likafika swali la kuamini, Shukuru akaeleza kwa kirefu: nani anamwamini, nani hamwamini, na kwa nini. Binti akasikiliza, akagusa kioo mara moja, akasema, "Ahsante dada, swali linalofuata."

"Subiri," Shukuru akasema. "Nisomee ulichoandika."

Binti akacheka kidogo. "Ni mfumo tu dada, unachagua linalokaribiana."

"Nisomee."

Akasoma. Shukuru akatikisa kichwa. "Hayo si maneno yangu. Futa."

"Lakini dada, hapa pa 'nyingine' panaingia herufi chache sana."

"Basi andika kidogo, lakini kiwe nilichosema mimi."

Mteja alikuwa amesimama na kiatu kimoja mkononi, anatafuta cha pili. Shukuru akamwambia angoje. Binti akanitazama mimi, kama vile mtu mzima niliyekaa pale ningemsaidia. Sikumsaidia. Akainama kwenye kioo chake, akafuta, akaanza kuandika upya, herufi moja moja. Shukuru akawa anamtajia.